UZI: Tutenganishe deni na bei ya samaki, daraja pekee halitamkomboa mvuvi wa Ziwa Victoria

Mwanzisha uzi, Mwanza

Ndugu wanajamvi, nawasalimu.

Tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025, mazungumzo ya wafanyabiashara wa Mwanza yamejaa matumaini, na matumaini hayo yana msingi. Daraja hilo lina urefu wa kilomita 3, limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, na limeondoa foleni ya kivuko ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikimmalizia mfanyabiashara wa Sengerema na Geita muda, mafuta na barafu. Gari la samaki lililokuwa likisubiri zamu yake huku barafu ikiyeyuka sasa linavuka kwa dakika chache. Ukiongeza reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilomita 341, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2021, unaona wazi kwamba Taifa limeweka fedha nyingi katika kuufungua ukanda huu wa ziwa.

Mimi ni mfanyabiashara, na wenzangu wamenipa dhamana ya kuwasemea katika vikao vya sekta binafsi na Serikali. Naandika nikiwa na uzoefu huo, ingawa maoni haya ni yangu. Hoja yangu ni moja. Barabara na daraja humfaa mtu aliye huru kuchagua atamuuzia nani, na wavuvi wetu wengi hawana uhuru huo, kwa sababu samaki wao huwa wameshauzwa kabla hawajavuliwa, kwa bei wasiyoijadili, kupitia deni.

Kwa wasiofahamu mwaloni, yaani ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki, mfumo wenyewe uko hivi. Kiwanda cha minofu kinahitaji sangara kila siku, kwa hiyo kinampa wakala fedha za kununulia, na mara nyingi barafu pia. Wakala anachukua sehemu ya fedha hizo na kumkopesha tajiri, yaani mwenye mtumbwi: leo nyavu, kesho mashine, keshokutwa petroli. Tajiri naye anawakopesha mabaharia wake unga, dawa na ada ya mtoto. Deni linashuka kutoka juu hadi chini, na samaki wanapanda kutoka chini hadi juu, na katika kila hatua aliyekopeshwa analazimika kumuuzia aliyemkopesha. Mvuvi akiamua kupeleka sangara wake kwa mnunuzi mwingine anayelipa vizuri zaidi, anahesabika kuwa mwizi, hata kama alishalipa sehemu kubwa ya alichokopa.

Tatizo langu si kwamba mkopo upo. Bila mkopo huo mitumbwi mingi isingeingia majini. Tatizo ni kwamba gharama ya mkopo haionekani popote. Haiitwi riba, haiandikwi, wala haina mwisho. Imefichwa ndani ya bei ya kilo.

Niruhusuni nitoe mfano wa kukadiria, ili tuione hesabu. Tuchukulie tajiri amekopeshwa mashine na nyavu za shilingi milioni 5. Makubaliano ni kwamba atamuuzia wakala huyo peke yake, kwa bei iliyo chini ya bei ya mwalo kwa shilingi 1,000 kwa kila kilo. Akileta kilo 60 kwa siku, kwa siku 20 za mwezi, anaacha shilingi milioni 1.2 kila mwezi kwa wakala. Fedha hiyo haipunguzi deni hata kidogo, kwa sababu inaitwa bei. Ndani ya miezi mitano ameshatoa milioni 6, na bado anadaiwa milioni 5. Sasa linganisheni na benki, ambako riba ya mikopo nchini iko karibu na asilimia 15 kwa mwaka: mkopo wa milioni 5 ungemgharimu shilingi 750,000 kwa mwaka mzima. Katika mfano huu, anachokatwa kimyakimya kwa mwezi mmoja kinazidi riba ya benki ya mwaka.

Hapo ndipo ninaposema kwamba habari za uchumi tunazozisikia redioni haziufikii mwalo. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia riba yake kama dira ya sera ya fedha Januari 2024, ikianzia asilimia 5.5, ikapanda hadi asilimia 6 Aprili mwaka huohuo, kisha ikashuka hadi asilimia 5.75 Julai 2025. Sisi wenye viwanda na maduka tunafuatilia tarakimu hizo kwa makini. Lakini kwa tajiri wa mtumbwi kule Ukerewe, tarakimu hizo zingeweza kupanda au kushuka maradufu na asilione badiliko lolote katika makato yake, kwa sababu mkopeshaji wake haweki riba, anaweka bei.

Madhara ya jambo hili hayaishii mfukoni mwa mvuvi. Mvuvi ambaye kila kilo anayoleta inakatwa analazimika kuleta kilo nyingi zaidi ili abakiwe na kitu, na njia ya haraka ya kupata kilo nyingi ni kutumia nyavu za macho madogo au kokoro, yaani wavu wa kuburuta, na kuvua sangara wachanga walio chini ya sentimita 50, ambao sheria inakataza kuvuliwa. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilichoma nyavu nyingi haramu, na wengi wetu tunakumbuka jinsi ilivyoumiza. Nyavu zilichomwa lakini madeni hayakuchomwa. Mvuvi aliyepoteza nyavu alirudi kwa mkopeshaji yuleyule kuomba nyingine, na deni likawa mara mbili. Siwezi kuona jinsi gani tutalilinda ziwa ikiwa kila msukumo wa kifedha unamwelekeza mvuvi kulimaliza. Viwanda vyenyewe vimeshaonja matokeo, kwa kuwa kwa miaka mingi vimekuwa vikifanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa samaki wa kutosha.

Kisha kuna mabondo, yaani vifuko vya hewa vilivyo ndani ya samaki. Biashara ya mabondo ya sangara kwenda soko la China imebadilisha hesabu yote, kwani bondo moja kubwa linaweza kuwa na thamani kuliko minofu ya samaki aliyelitoa. Hata hivyo, mvuvi aliyefungwa na deni anauza samaki mzima kwa kilo, na thamani ya bondo anaipata mtu wa hatua za mbele. Nimezungumza na vijana wengi mwaloni wanaojua vizuri kwamba bondo lina fedha, lakini hawana nafasi ya kulidai.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kawaida katika biashara na hayawezi kurekebishwa. Mimi nawaomba waangalie dhahabu, tena hapahapa kwetu. Mchimbaji mdogo naye alikuwa mateka wa mfadhili wake aliyempa mtaji na kuamua bei porini. Mwaka 2019 Serikali ilianzisha masoko ya madini, Geita ikiwa ya kwanza, na mwaka huohuo ikawaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Bei ikaanza kujulikana, ikifuata soko la dunia. Mwaka 2021 kikazinduliwa kiwanda cha kusafisha dhahabu hapa Mwanza, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kusafishwa nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu. Sisemi kwamba wachimbaji wadogo wameondokana na shida zote. Nasema kwamba kwenye dhahabu Taifa lilikubali kuwa bei ni jambo la kuonekana hadharani, na kwenye samaki bado hatujakubali.

Pamba nayo ina funzo lake, ingawa la uchungu. Mkulima wa Kwimba au Magu hupewa pembejeo kwa mkopo, kisha hukatwa wakati wa mauzo kupitia chama chake cha msingi cha ushirika, AMCOS. Bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, hutangazwa, na hilo ni jema. Lakini msimu wa 2019 bei dira ilipokuwa shilingi 1,200 kwa kilo na soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wakakaa muda mrefu bila kulipwa pamba waliyokwisha kuikabidhi. Kwa hiyo bei ya kutangazwa pekee haitoshi, kama hakuna fedha ya kulipia siku hiyohiyo.

Ninachopendekeza ni hiki. Kwanza, bei ya siku ya sangara, sato na dagaa ibandikwe katika kila mwalo mkubwa, chini ya usimamizi wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, pamoja na halmashauri. Pili, mkopo wowote wa nyavu, mashine au mafuta uandikwe peke yake, ukiwa na kiasi, riba na tarehe ya mwisho, na samaki wauzwe kwa bei ya siku. Mkopeshaji apate riba yake halali, na mvuvi aone deni lake likipungua. Akimaliza kulipa, awe huru kuvuka daraja na samaki wake.

Karibuni tujadiliane. Naomba hasa wale walio ndani ya biashara hii waseme.

Mchangiaji wa pili, Sengerema

Mkuu, heshima yako. Mimi ni wakala, na nimesoma bandiko lako lote. Nakubali hesabu yako kwa kiasi fulani, lakini umeacha upande wetu.

Mashine ninayomkopesha mtu inaweza kuibwa ziwani usiku mmoja. Wezi wanawavamia wavuvi, wanang'oa mashine, wanaondoka, na hakuna bima inayonilipa. Mwingine anachukua nyavu zangu, anahamia kisiwa kingine au anavuka kwenda upande wa Uganda, na nambari yake ya simu haipatikani tena. Fedha niliyompa si yangu, ni ya kiwanda, nami nitadaiwa. Hasara ya wale wanaokimbia inalipwa na wale wanaobaki. Sijui biashara ya mikopo inayoweza kwenda tofauti na hivyo.

Tena, mvuvi akifiwa saa nane usiku anampigia nani? Ananipigia mimi. Benki haipokei simu saa nane usiku. Tukiandika mikataba yenye riba na tarehe, je, ile huruma ya kumvumilia mtu miezi miwili ambayo samaki hawapatikani itaandikwa wapi?

Mchangiaji wa tatu, Igombe

Shikamoo kaka mwanzisha uzi. Mimi naanika dagaa. Naomba na sisi wanawake tusikike, kwa sababu deni letu halifanani na la sangara.

Sisi tunanunua dagaa wabichi kwa ndoo mtumbwi unapofika alfajiri, tunaanika, kisha tunauza Kirumba Mwaloni kwa wafanyabiashara wanaopeleka Kongo, Rwanda na Burundi. Hakuna anayetubana kwa bei. Tunabanwa na siku. Mtaji wetu wengi unatoka kwenye mikopo ya kausha damu, yaani mikopo midogo ya riba kubwa, ambayo marejesho yake ni kila wiki. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, uvuvi unasimama kwa siku kadhaa na sisi hatuna cha kuanika, lakini siku ya marejesho haijui mbalamwezi. Masika nayo yakikolea, dagaa wanaharibika mchangani, tunawauza kama chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, ilimradi tusije kunyang'anywa vyombo vya ndani.

Wenye chanja, yaani wanaoanika juu ya meza za wavu, dagaa wao ni safi, hawana mchanga, na wanauzwa kwa bei nzuri zaidi. Kila mmoja wetu hapa anajua hilo. Kinachokosekana ni mtaji wa kutengeneza chanja na uvumilivu wa mkopeshaji wa kungoja dagaa wakauke.

Mchangiaji wa nne, Mwanza

Ndugu zangu, mimi nafanya kazi kwenye sekta ya benki, nami nazungumza kwa nafsi yangu.

Benki inaukimbia mwalo kwa sababu tatu ambazo zote zimeshatajwa hapa kwa namna moja au nyingine: mtumbwi haukubaliki kirahisi kuwa dhamana, mapato hayana kumbukumbu, na mkopaji anaweza kuhama. Lakini kumbukumbu ndilo tatizo lililo rahisi kuliko yote kulitatua. Kama wakala angemlipa tajiri kwa simu au kwa akaunti badala ya fedha taslimu, baada ya msimu mmoja tungekuwa na picha ya mapato yake. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ina mfuko wa dhamana unaozisaidia benki za biashara kubeba sehemu ya hatari ya mikopo ya wakulima, wafugaji na wavuvi wadogo. Mfuko huo hauwezi kumsaidia mtu ambaye hana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba aliwahi kuuza samaki.

Kuhusu kausha damu, wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na riba yao ina ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Dada wa Igombe na wenzake wana haki ya kudai kuonyeshwa leseni kabla hawajatia saini.

Mwanzisha uzi, Mwanza

Nawashukuru sana. Nimesoma michango yote kwa makini, na naomba nijibu kwa mpangilio wa uzito ninavyouona mimi, nianze na dada wa Igombe.

Marahaba, dada. Ulichosema kimeongeza jambo ambalo hoja yangu ilikuwa inalihitaji. Nilikuwa nimejikita kwenye bei, nawe umeonyesha kwamba muda wa kulipa unaweza kumfukarisha mtu hata pale bei inapokuwa huru. Mkopo wa dagaa unapaswa kufuata mwezi wa angani. Marejesho yawe katika wiki za giza, na wiki ya mbalamwezi iwe ya mapumziko, kama mikopo ya kilimo inavyosubiri mavuno. Sioni sababu yoyote ya kiufundi inayozuia taasisi ya fedha kupanga ratiba ya namna hiyo.

Kwa chanja, fedha ipo mahali panapojulikana. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, na ukarejea mwaka 2024. Chanja ni kitu cha kudumu, kinahesabika, kinaonekana, na kinaongeza bei ya dagaa moja kwa moja. Vikundi vya waanikaji wa Igombe, Kayenze na Ukerewe vingepaswa kuwa mstari wa mbele katika orodha ya wanufaika. Serikali iliwahi kutoa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba hapa Mwanza, Januari 2024, na lilikuwa jambo zuri. Ila kizimba kinahitaji chakula cha samaki, vifaranga na utaalamu wa kila siku, ambapo chanja inahitaji mbao, wavu na jua. Kwa fedha ileile, chanja inawafikia wanawake wengi zaidi.

Ndugu wakala wa Sengerema, umesema kweli kuhusu wizi wa mashine, na sitaki uonekane adui katika uzi huu. Hatari unayoibeba ni halisi, na mtu anayebeba hatari anastahili kulipwa. Ninachokukatalia ni kumlipisha mwaminifu deni la aliyekimbia bila yeye kujua. Ukiandika kwamba riba yako ni kubwa kwa sababu mashine zinaibwa, basi sisi viongozi tunapata hoja ya kwenda nayo polisi na kwa kampuni za bima: tunaweza kusema wizi ziwani unawagharimu wavuvi kiasi hiki kwa kila mkopo. Ikiwa gharama hiyo imefichwa ndani ya kilo, hakuna mtu wa kuipigania. Kila mashine ina namba yake, na mwalo wenye daftari la namba hizo, linaloshirikishwa na mialo ya jirani, utamtia mwizi mashakani anapotaka kuiuza.

Kuhusu huruma ya saa nane usiku, naiheshimu sana. Mwalo mzima unaishi kwa huruma hiyo. Lakini haizuiliwi na maandishi. Mkataba unaweza kusema wazi kwamba msimu mbaya marejesho yanasogezwa mbele, na fedha ya msiba ikaandikwa kama mkopo mdogo wa peke yake. Kinachoumiza ni pale ambapo msaada wa usiku mmoja unakuwa sababu ya kumkata mtu bei kwa miaka.

Ndugu yetu wa benki, hoja ya kulipa kwa simu ni nzito, ila ina kikwazo ambacho lazima tukiseme. Wavuvi wanaogopa makato ya kutuma na kutoa fedha, na wanaogopa kwamba kumbukumbu hizo zitawaletea madai ya kodi wasiyoielewa. Hofu ya kwanza ina ukweli. Kiwanda kinachonunua kwa fedha nyingi kila siku kina nguvu ya kujadiliana na kampuni za simu ili malipo ya mwaloni yawe na gharama ndogo, na hili nitalifikisha kwa wenye viwanda. Hofu ya pili itaondolewa na maofisa wa kodi wakifika mwaloni kuelimisha kabla ya kufika kudai.

Kwa hatua za sasa, nimekubaliana na wenzangu kadhaa kwamba tuandae rasimu ya mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka, wenye sehemu mbili zinazojitegemea: mkopo upande mmoja, na mauzo ya samaki kwa bei ya siku upande mwingine. Tutaipeleka kwenye Baraza la Biashara la Mkoa, pamoja na ombi la kubandika bei katika mialo. Kabla ya hapo ningependa ipitiwe na watu wanaoishi na madeni haya. Wakala wa Sengerema, naomba uwe wa kwanza kuipitia, na uweke bayana vifungu ambavyo wewe na mawakala wenzako hamtavikubali. Dada wa Igombe, naomba utuandikie ratiba ya marejesho ambayo waanikaji wangeweza kuimudu kuanzia giza hadi mbalamwezi. Na aliye Ukerewe, Ukara, Kome au Maisome atuwekee hapa bei ya sangara ya mwalo wake kwa wiki hii, bei ya aliye huru na bei ya aliyekopeshwa, ili tunapoingia kikaoni tuwe na tofauti halisi mkononi.

Rasimu nitaibandika katika uzi huuhuu.